Abu Hureira (R.A.): Baba wa Paka Aliyetuhifadhia Habari ya Mbwa Mwenye Kiu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa kila kitembeacho juu ya ardhi na kila kirukacho angani. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.



Katika ukurasa huu wa maisha ya Sahaba tumemchagua mtu ambaye jina lake hamna mwanafunzi wa chuo asiyelijua. Kila tukifungua somo la hadithi tunakutana naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko Sahaba wote. Lakini wengi wetu tunalijua jina tu, na mwenye jina hatumjui. Nani huyu Abu Hureira? Kwa nini aliitwa hivyo? Na ametuachia nini?

Iko sababu ya pili iliyotufanya tumchague mwaka huu. Katika mitaa yetu, asubuhi na jioni, tunawaona watoto wakienda chuoni na misahafu yao kifuani, na mkononi wana mawe. Wakimwona mbwa koko amelala kivulini humtupia, wakimwona paka jaani humkimbiza. Wakiulizwa sababu, jibu lao ni moja: mbwa ni najisi. Jibu hili wanadhani limetoka katika dini. Basi tumeona tulipime jibu hilo kwa maisha ya Abu Hureira, kwa sababu yeye ndiye aliyetufikishia hukumu ya najisi ya mbwa, na yeye huyo huyo ametufikishia mambo mengine ambayo watoto wetu hawajayasikia.

ASILI YAKE NA JINA LAKE

Abu Hureira (R.A.) alikuwa mtu wa kabila la Daws, kabila la Kiarabu lenye asili ya Yemen, lililokuwa likikaa katika nchi ya milima upande wa kusini wa Makka. Wanavyuoni wamehitilafiana sana katika jina lake. Kauli iliyo mashuhuri ni kwamba kabla ya Uislamu akiitwa Abdu Shams, maana yake mja wa jua, na baada ya kusilimu akaitwa Abdurrahman bin Sakhr. Alikulia katika uyatima, na ujana wake ulikuwa wa kazi na umasikini.

Ama lakabu yake ya Abu Hureira, maana yake ni baba wa kipaka, na sababu yake ameieleza mwenyewe, kama ilivyopokewa na Imamu Tirmidhi. Alikuwa mchunga mifugo ya jamaa zake, naye alikuwa na paka mdogo. Usiku ukiingia alimweka paka wake juu ya mti, na kukipambazuka alimchukua akaenda naye machungani, akawa anacheza naye. Watu walipoona hivyo wakampa jina hilo, nalo likamshika.

Tutazame jambo moja hapa. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na desturi ya kubadilisha majina yenye maana mbaya. Mtu akiitwa jina la shirki au la kuchukiza, alimpa jina jema badala yake. Lakini jina hili la baba wa paka hakuliondoa. Bali yeye mwenyewe alikuwa akimwita Sahaba wake huyu Aba Hirr, ambalo ni jina la paka vilevile. Kijana aliyeonekana akimbeba paka hakuchekwa wala hakukemewa, na jina la huruma yake limebaki midomoni mwa Waislamu kwa zaidi ya miaka 1,300.

KUSILIMU NA KUHAMIA MADINA

Uislamu uliwafikia watu wa Daws kwa mkono wa Tufeil bin Amr (R.A.), mshairi na mkubwa wa kabila hilo, aliyesilimu Makka kisha akarejea kwao kuwalingania jamaa zake. Abu Hureira alikuwa miongoni mwa walioitikia. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na mwaka wa 628 Miladia, alifika Madina, wakati Mtume (S.A.W.) yuko katika vita vya Khaybar.

Alikuja na mama yake, ambaye wakati ule hakuwa amesilimu. Siku moja mama yake alimtamkia maneno ya kumchukiza juu ya Mtume. Abu Hureira akaenda kwa Bwana Mtume huku akilia, akamwomba amwombee mama yake uongofu. Mtume akamwombea. Aliporejea nyumbani alikuta mlango umerudishwa, akasikia sauti ya maji. Mama yake alikuwa akioga, akatoka akatamka shahada mbili. Abu Hureira akarudi kwa Mtume akilia tena, safari hii kwa furaha. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba hakuhiji mpaka mama yake alipofariki, kwa sababu ya kukaa naye na kumtumikia.

NJAA YA SUFFA

Pale Madina Abu Hureira hakuwa na nyumba, shamba wala biashara. Alikaa Suffa, mahali penye kivuli katika msikiti wa Mtume palipokuwa makazi ya Waislamu mafakiri. Amesimulia kwamba aliwaona 70 miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguo ya kujitanda juu, kila mmoja alikuwa na shuka moja tu. Wakati mwingine alijiajiri kwa mwanamke aitwaye Busra binti Ghazwan, ujira wake ni kula yake tu.

Njaa aliijua vizuri. Aliwahi kufunga jiwe tumboni kwa njaa. Aliwahi kuanguka baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (R.A.), wapitao wakadhani ana wazimu, na hakuwa na wazimu ila njaa. Siku moja alikaa njiani akiwauliza Masahaba wakubwa habari ya aya, si kwa kutaka maana yake bali kwa kutaraji kwamba mmoja wao angemkaribisha nyumbani apate kitu. Wote wakapita. Akapita Bwana Mtume, akamtazama usoni, akajua hali yake, akatabasamu, akamchukua. Nyumbani palikuwa na bakuli moja la maziwa. Mtume akamwamrisha awaite kwanza watu wote wa Suffa. Abu Hureira moyo ulimwenda mbio, akihofu kwamba yeye hatabakiwa na kitu. Lakini walikunywa wote wakashiba, kisha akanywa yeye, na Mtume akawa anamwambia azidi mpaka akaapa kwamba hana tena pa kuyatia. Mwisho akanywa Mtume mwenyewe.

Basi huyu ndiye mtu aliyetusimulia habari za kiu na njaa za wanyama. Hakuzisimulia mtu aliyeshiba asiyejua tumbo tupu lina uchungu gani.

HIFADHI YAKE

Abu Hureira alikaa na Mtume muda usiozidi miaka minne hivi, lakini hakumwacha. Wakati Muhajirina wakishughulishwa na biashara za sokoni na Ansari wakishughulishwa na mashamba yao, yeye alimwandama Mtume kila aendako. Alimshitakia Mtume kwamba anasikia mengi na kuyasahau. Mtume akamwamrisha atandaze nguo yake, akafanya kama anayetia kitu ndani yake kwa mikono miwili, kisha akamwamrisha aikusanye kifuani. Tangu siku hiyo, kama alivyosimulia, hakusahau tena.

Hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa kufika 5,374, zikiwemo zilizokaririwa kwa njia mbalimbali. Waliopokea elimu kwake wametajwa kuwa watu 800 au zaidi. Na inasimuliwa kwamba Marwan, aliyekuwa gavana wa Madina, alimjaribu. Alimweka mwandishi nyuma ya pazia aandike kila asemalo Abu Hureira. Mwaka mzima ulipopita akamwita tena, akamwuliza yale yale, na mwandishi akafuata katika karatasi zake. Hakuzidisha wala hakupunguza.

ALIYOTUHIFADHIA KUHUSU WANYAMA

Katika hazina hii kubwa zimo habari nyingi za viumbe wasiosema. Tutazitaja kwa maana zake, nasi tunawaomba wanafunzi wakubwa waziendee wenyewe katika vitabu vya Bukhari, Muslim na Abu Daud.

Habari ya kwanza ni ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu kali. Akakuta kisima, akateremka, akanywa. Alipotoka alimwona mbwa anahema, ulimi nje, anakula udongo mbichi kwa ajili ya kiu. Akaona kwamba kiu iliyompata mbwa yule ni kama ile iliyompata yeye. Akateremka tena, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akaikubali amali yake, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama kweli wana malipo kwa kuwatendea wema wanyama, wakajibiwa kwamba kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kina malipo.

Habari ya pili ni ya mwanamke wa Bani Israili aliyekuwa kahaba. Siku ya joto kali alimwona mbwa anazunguka kisima, ulimi umemtoka kwa kiu. Akavua kiatu chake, akamtekea maji. Akasamehewa kwa hilo.

Habari ya tatu ni ya kutisha. Ni ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Habari hii ameipokea pia Abdullah bin Umar (R.A.). Tuziweke mbili hizi pamoja: mwanamke wa kwanza alikuwa na dhambi kubwa, akaokoka kwa kiatu cha maji. Wa pili alihukumiwa kwa paka mmoja aliyedhani hana mtetezi.

Habari ya nne ni ya Nabii miongoni mwa Manabii aliyeumwa na chungu, akaamrisha kiota chote cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa sababu ya chungu mmoja ameangamiza umati mzima unaomsabihi.

Tena amepokea kwamba tusifanye migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani tusiwaache wamesimama na mizigo au watu mgongoni huku sisi tunazungumza. Na amepokea kwamba msafiri akipita katika nchi yenye majani awape ngamia haki yao ya malisho.

MBWA NI NAJISI. JE, APIGWE MAWE?

Sasa turudi kwenye jibu la watoto wetu. Ni kweli, Abu Hureira amepokea kwamba chombo kikirambwa na mbwa huoshwa mara saba, ya kwanza yake kwa udongo. Na sisi watu wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, tunasoma tangu udogoni kwamba mbwa na nguruwe ni najisi nzito. Ni kweli vilevile kwamba amepokea onyo juu ya mtu kufuga mbwa bila ya haja, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwindia au wa shamba, kwamba malipo ya amali zake hupungua kila siku. Hatupunguzi herufi moja katika hukumu hizi.

Lakini hebu tufikiri. Mpokezi wa hukumu ya kuosha mara saba ndiye mpokezi wa habari ya mbwa wa kisimani. Hakuona kuwa mambo haya mawili yanagongana, na kweli hayagongani. Najisi ni hukumu inayotuhusu sisi: nguo zetu, vyombo vyetu na pahala petu pa kuswalia. Haikuwekwa kuwa adhabu ya mbwa, na hakuna mahali tulipoamrishwa kumwadhibu kwa jinsi alivyoumbwa. Yule mtu alipojaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa, kiatu kiliguswa na mdomo wa mbwa bila ya shaka. Kiatu huoshwa. Mbwa aliyekufa kwa kiu harudi.

Wanafunzi wanaosoma Safinatun Najah, kitabu cha Sheikh Salim bin Sumeir Al-Hadhramy, watazame mlango wa tayammamu. Sababu za kutayammamu zimetajwa tatu: kukosa maji, ugonjwa, na kuyahitaji maji kwa ajili ya kiu ya mnyama mwenye heshima ya kisheria. Kisha vikatajwa visivyokuwa na heshima hiyo, na katika mbwa kilichotajwa ni yule mkali anayeuma tu. Ama mbwa asiye na madhara, kauli inayotegemewa na wanavyuoni wetu ni kwamba ana heshima, wala haijuzu kumuua. Maana yake ni nini? Maana yake Muislamu mwenye maji kidogo safarini anayaacha maji ya udhu, anaswali kwa mchanga, ili mbwa mwenye kiu asife. Ikiwa udhu unamwachia njia mbwa, jiwe letu limepata wapi ruhusa?

Wako wanaotoa hoja kwamba mbwa wa Madina waliwahi kuamrishwa kuuawa. Habari hiyo imo katika Sahihi Muslim, na humo humo imo kwamba baadaye Mtume (S.A.W.) alikataza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria (1277 Miladia), naye ni katika nguzo za madhehebu yetu, ameinakili katika sherehe yake ya kitabu hicho kauli ya Imamul Haramayn kwamba sheria imetulia juu ya kukataza kuua mbwa wote wasio na madhara, awe mweusi au mwingine. Anayeuma na mwenye kichaa ana hukumu yake, na hiyo ni kazi ya wakubwa na wenye mamlaka, si ya watoto njiani.

Na kwa wale wanaoogopa udhu wao: mbwa akipita karibu, au akikugusa naye mkavu na wewe mkavu, hakuna najisi iliyohama, na udhu haukutenguka. Ikiwa pana unyevu, osha palipoguswa kama ulivyofundishwa, yatosha. Ama paka, yeye si najisi kabisa. Imepokewa na Abu Qatada (R.A.) kwamba Mtume alieleza kuwa paka ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na Abu Qatada mwenyewe alikiinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe.

ABU HUREIRA KIONGOZI

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.) mwaka wa 11 Hijria, Abu Hureira aliishi miaka mingi, na dunia ikamgeukia kwa wema. Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alimfanya gavana wa Bahrain. Aliporudi na mali, Umar, kama ilivyokuwa desturi yake kwa magavana wote, alimhoji ameipata wapi. Abu Hureira akaeleza kwamba ni farasi wake waliozaana, zawadi alizopewa na mapato ya mtumwa wake. Ikatazamwa ikaonekana kama alivyosema. Baadaye Umar alimtaka tena ashike kazi, akakataa.

Zama za Muawiya, Marwan alipokuwa akisafiri alimwacha Abu Hureira akikaimu ugavana wa Madina. Watu wa mji walimwona kiongozi wao akipita sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni, akiwaambia kwa mzaha wampishe gavana. Alionekana vilevile amepanda punda, hatamu yake kamba ya makumbi ya mtende. Na yule bibi aliyekuwa akimtumikia kwa kula yake, Busra binti Ghazwan, akaja kuwa mke wake. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa mageuzi hayo, wala hakuuficha umasikini wake wa zamani.

Nyumbani kwake usiku uligawanywa mafungu matatu: yeye, mkewe na mtumishi wao, kila mmoja akiswali fungu lake kisha akimwamsha mwenziwe.

KUFARIKI KWAKE

Alipougua maradhi ya mwisho alilia. Akaulizwa, akaeleza kwamba hailii dunia hii, bali analilia urefu wa safari na uchache wa akiba, naye hajui atapelekwa Peponi au Motoni. Alifariki baina ya mwaka wa 57 na 59 Hijria (kati ya 676 na 679 Miladia), na umri wake umetajwa kuwa miaka 78. Alizikwa Baqii, makaburi ya Madina. Mwenyezi Mungu amwie radhi.

MAFUNZO KWETU

Ndugu wanafunzi, maisha ya Sahaba hayasomwi kwa ajili ya mtihani peke yake. Katika maisha haya tunapata mafunzo yafuatayo:

1. Huruma haimpunguzii mtu heshima. Mchunga mifugo aliyembeba paka ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa wapokezi wa hadithi na gavana wa watu. Kijana akimwona mwenzake anamnywesha mnyama maji, asimcheke.

2. Tusome hukumu zote pamoja. Anayeshika hadithi ya kuosha chombo akaiacha ya mbwa wa kisimani amechukua nusu ya amana ya Abu Hureira.

3. Tutazame sababu ya mbwa na paka kuwa wengi mitaani. Wanafuata taka tunazozitupa. Mitumbo ya samaki na mabaki ya chakula yakiachwa wazi jaani, usiku mbwa watakuja, kisha tutawalaumu. Usafi wa mtaa ni katika imani, na ndio njia ya kwanza ya kupunguza mbwa koko bila ya kumtesa yeyote. Ama kuwatia paka wachanga guniani na kuwatupa mbali, au kuwategea sumu, wazazi wenzetu tukumbuke mwanamke wa paka.

4. Punda naye ana haki. Kuanzia Lamu mpaka Unguja punda wametubebea mchanga, matofali na maji. Mwenye punda asimzidishie mzigo, asimpige penye kidonda, wala asimwache juani na mkokoteni wakati yeye yuko barazani. Hiyo ndiyo mimbari tuliyokatazwa.

5. Kujihadhari si kinyume cha huruma. Kichaa cha mbwa ni maradhi yanayoua, na dalili zikishadhihiri hayana dawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi hayo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila 10 kiasi cha wanne ni watoto chini ya miaka 15. Basi usimkaribie mbwa usiyemjua, usimguse anapokula au akiwa na watoto wake, usimkimbie, na usimtupie jiwe, kwani mbwa anayepigwa mawe ndiye anayegeuka akauma. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mzazi papo hapo, na mwende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Mtoto asifiche kwa kuogopa kugombezwa, na mzazi asimgombeze.

6. Wenye mbwa wa shamba na wa mifugo wawapeleke kuchanjwa kila kampeni ya chanjo inapokuja. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa pa kupita. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa ilipofanywa kwa kurudiwa iliukata mlolongo wa maradhi hayo. Jiwe halijawahi kufanya hivyo popote.

Wazazi wetu, mawe wanayoyashika watoto hawakuzaliwa nayo. Wameona wakubwa wakifanya, au wameona wakubwa wakinyamaza. Tunaomba kila nyumba iweke chombo kimoja kikuukuu cha maji nje ya ukuta wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali. Chombo hicho kiwe cha wanyama tu, kisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Ndege watakunywa, paka watakunywa, na mbwa akipita naye atakunywa. Nasi hatujui ni funda lipi la maji ambalo Mwenyezi Mungu atalikubali.

Ewe Mola wetu, mrehemu Abu Hureira kwa yale aliyotuhifadhia. Ulainishe mioyo yetu na ya watoto wetu kwa viumbe vyako, utujaalie elimu yenye manufaa na kuifanyia kazi, na uturehemu siku ambayo hatutakuwa na wa kuturehemu ila Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.